Sanya Juu: Nyika Iliyopewa Nasaba ya Bani Israil

Anayetoka Bomang'ombe kuelekea Sanya Juu hupanda taratibu hata asijue kuwa anapanda. Joto la barabara ya Moshi na Arusha hubaki nyuma, upepo wa mlima huanza kupenya madirishani, na mtu akigeuka huku na huku hujikuta baina ya milima miwili, Kibo mashariki na Meru magharibi. Kati ya milima hiyo imetanda nyika ya Sanya. Tulifika siku ya soko, tukawakuta Wachagga wa Siha, Wameru na Wamasai wakibishana bei ya viazi, maharage na mbuzi kwa Kiswahili kimoja chenye lafudhi tatu.

Katika msafara wetu walikuwamo vijana wa shule, na habari za Gaza hazikutuacha hata njiani. Mmoja wao aliwatazama wachungaji waliokuwa wakipita na ng'ombe wao, akasema amepata kusikia kuwa Wamasai ni Wayahudi waliopotea. Watu wazima walicheka. Lakini neno lile lina chimbuko lake, na chimbuko hilo haliko mbali: liko Moshi.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, kituo cha jeshi la Wajerumani mjini Moshi kiliongozwa na Kapteni Moritz Merker. Mwaka 1904 alichapisha mjini Berlin kitabu kikubwa juu ya Wamasai, ambacho tangu jina lake kiliwaita taifa la Kisemiti la Afrika Mashariki. Alieleza kuwa wazee walimsimulia habari za mtu wa kwanza, na za gharika ambamo mja mwema aitwaye Tumbainot aliokoka ndani ya safina pamoja na wanyama. Msomaji wetu atamkumbuka mara moja Nabii Nuhu (a.s.). Merker akahitimisha kuwa Wamasai na Waebrania wa kale walikuwa wa asili moja. Wapo wasomi wa zama zake waliomkatalia, wakishuku kuwa visa hivyo vilitoka kwa wamishonari.

Kwa maoni yetu, lililo zito zaidi ni kwamba nasaba hiyo tukufu haikuwafaa Wamasai kitu. Utawala ule ule wa Kijerumani uliwatengea eneo kusini mwa njia ya Moshi na Arusha, na ardhi nzuri ya kaskazini wakagawiwa walowezi, wakiwamo Makaburu kutoka Afrika Kusini. Waingereza walipoirithi nchi waliendeleza mwendo huo huo. Mwaka 1951 waliwaondoa Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki, ng'ambo ya nyika hii, ili mashamba ya Wazungu yaungane, hata Kirilo Japhet akaenda mwaka uliofuata kupeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa.

Wakati Merker akiandaa kitabu chake, uwanda mwingine uliokuwa wa Wamasai na Wanandi ulikuwa ukijadiliwa mjini Basel, Uswisi. Agosti 1903 Theodor Herzl aliuambia Mkutano wa Wazayuni kuwa Uingereza iko tayari kuwapa Wayahudi makazi Afrika Mashariki. Mpango huo ukaitwa wa Uganda, ingawa uwanda wenyewe, Uasin Gishu, uko katika Kenya ya leo, pale ulipo mji wa Eldoret. Miezi michache kabla yake Wayahudi walikuwa wameuawa kwa makundi mjini Kishinev, katika dola ya Urusi. Haja ya kimbilio haikuwa ya kubuni. Hata hivyo wajumbe wengi waliotoka Urusi kwenyewe walipinga, wakitaka Palestina na si kwingineko. Tume ilikuja kukagua, na mwaka 1905 mpango ukakataliwa. Wanandi hawakuwa na mjumbe Basel. Wapalestina nao hawakuwa naye.

Uyahudi uliochipuka kwa wenyeji wa Afrika Mashariki haukuletwa na Merker wala na Herzl. Ulianzia Mbale, chini ya Mlima Elgon, kwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao. Alijisomea Agano la Kale, akashika sheria ya Nabii Musa (a.s.), na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Wafuasi wake ndio Abayudaya. Wanaiadhimisha Sabato kuanzia jua la Ijumaa linapotua, nyimbo zao nyingi ni za Kiganda, na sinagogi lao kuu liko kilima cha Nabugoye.

Hapa pana jambo ambalo haifai tulipite kimya kimya. Aliyeipiga marufuku ibada yao katika miaka ya 1970 ni Idi Amin, mtawala aliyejinasibu na Uislamu. Wengi waliiacha dini yao kwa hofu. Waliobaki walisali kwa siri hadi mwaka 1979, majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni yalipomtimua. Kumlazimisha Ahlul-Kitabu kuacha dini yake si jambo tulilofunzwa, na mzazi anayeulizwa na mwanawe ana wajibu wa kulisema hilo waziwazi, kama anavyosema waziwazi juu ya dhulma wanayofanyiwa Wapalestina.

Wala Israel haikuwafungulia mlango. Mwaka 2018 Wizara yake ya Mambo ya Ndani ilimkatalia mmoja wa Abayudaya aliyeomba kuhamia huko. Mtu aweza basi kuwa Myahudi wa kusali, kufunga na kuchinja kwa sheria zake, na dola inayojiita ya Kiyahudi isimtambue.

Riziki yao ni kahawa. Arabika ya Elgon humea kivulini mwa migomba, kama hii ya Kilimanjaro. Mwaka 2004 J. J. Keki, mkulima wa Kiyahudi, aliwaendea majirani zake Waislamu na Wakristo, wakaanzisha ushirika waliouita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, na kahawa yao ikapata soko Marekani.

Mbale hiyo hiyo ndiyo yenye Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988, ambako vijana wa Kitanzania huenda kusoma. Tulimwambia kijana wetu kuwa, akimpata mmoja wao wakati wa likizo, amuulize habari za majirani wa Nabugoye. Akaandika jina la kilima mkononi kwa kalamu, na sisi tukaenda kutafuta gari la kuteremka Bomang'ombe kabla ya Magharibi.