Siku Nne za Kwanza Malindi

Msomaji, mimi ni mtu wa bara, na mke wangu ni wa bara vilevile. Basi letu lilipopita juu ya daraja la Kilifi, naye akaona maji ya hori kulia na kushoto, alinishika mkono asiuachie mpaka tulipofika ng'ambo. Ndoa yetu ilikuwa na umri wa majuma matatu. Nilihamishiwa shule moja ya Malindi, na mwenzangu alikuwa amekwisha kuniambia waziwazi kwamba mji usipomkubali atarudi kwao.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vibaya. Joto lilitunyima usingizi, na maji ya kisima cha nyumba tuliyopanga yalikuwa ya chumvi. Mke wangu hakulalamika. Alinyamaza, na kimya chake kilinitia hofu.

Siku ya tatu niliazimu kumtembeza. Nilijiona kiongozi hodari, maana chuoni nilisoma kwamba Malindi ulikuwa makao ya wafalme. Kwamba Vasco da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498, akapokewa kwa heshima na kupewa rubani wa kumfikisha Calicut, Bara Hindi. Nilimpeleka penye mnara wa Mreno huyo, uliosimama juu ya mwamba baharini, nikahubiri kama niliye darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, mgeni amewekewa mnara. Na mwenyeji aliyempokea, je?"

Sikuwa na jibu. Badala ya kukiri nilikasirika, tukarudi nyumbani kila mtu na njia yake, ingawa njia ilikuwa moja.

Bibi mmoja jirani alituona nyuso zetu. Tulimwamkia shikamoo, akatukaribisha barazani, akatupa madafu. Aliposikia habari za mnara alicheka. "Wanangu, mmeanzia kwa mgeni! Nendeni Msikiti wa Jumaa mkaone makaburi ya kale yenye minara. Kisha nendeni Gedi."

Asubuhi tulikwenda. Makaburi tuliyaona, yamesimama karibu na bahari tuliyoipita jana bila kugeuza shingo. Kisha tukapanda matatu kwenda Gedi, mji wa mawe uliohamwa katika karne ya 17 na kumezwa na msitu. Kuna jumba la mfalme, msikiti mkuu, nyumba zenye vyoo vya ndani, na visima vingi. Wataalamu hubishana juu ya sababu ya watu kuondoka: wengine hutaja vita, wengine hutaja maji kupungua visimani. Nilitaka kueleza yote hayo. Safari hii nilijizuia.

Mke wangu aliinama juu ya kisima kimoja akatazama chini kwa muda mrefu. Tumbili walikuwa wakirukaruka ukutani.

"Hawa waliishi hapa karne nzima nzima ndipo wakaondoka," alisema. "Mimi nina siku nne."

Jioni nilimkuta barazani kwa bibi, akiuliza mitungi huuzwa wapi, na maji matamu huchotwa saa ngapi.