Ukurasa Mweupe

Mtanicheka. Muhula uliopita nilitunga programu ya PHP ya kujumlisha alama za shule yetu. Mpaka wa sekunde 30 ambao PHP huweka kwa kawaida niliuondoa, kwa werevu wangu. Karani akabofya; ukurasa mweupe tu, dakika nzima. Akadhani imekufa, akabofya tena, na tena. Kumbe zote tatu zilikuwa kazini! Mwenye alama 61 akapata 183, na ripoti ziende kwa wazazi kesho yake. Nilikesha nikifuta.

Sasa programu, kila imalizapo wanafunzi 20, huandika hesabu yake katika faili, na ukurasa hulisoma kila sekunde 2. Karani huona "340 kati ya 612", akaendelea na chai yake.