Pini Iliyobaki Mfukoni

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaifafanua katika insha nyingi na kutuzwa alama za kuridhisha. Hata hivyo, maana yake haikunikaa moyoni hadi Jumapili moja ya msimu wa masika, nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, nilipolala chali chini ya matatu ya baba yangu.

Matatu yenyewe ilikuwa kuukuu, ya abiria 14, na Baba aliiendesha baina ya Njoro na Nakuru. Kwa majuma kadhaa usukani wake ulikuwa umelegea. Baba aliuzungusha kidogo, gari lisiitike. Aliuzungusha tena, likaitika kwa ghafla. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, mlio wa kugonga ulisikika chini ya miguu yake, na tairi la mbele la kushoto lilikuwa likiliwa upande mmoja. Chombo kilikuwa kikienda mrama ilhali nahodha alikuwa mmoja tu.

Karakana za mjini zingelishika gari siku nzima, na siku moja bila safari ilikuwa siku moja bila karo yangu. Kwa hivyo Baba alinunua vipuri mwenyewe, akaamua kuwa kazi ingefanyiwa nyumbani, nami ningemsaidia. Tulitanguliza mawe nyuma ya magurudumu, tukaweka ubao chini ya jeki ili isizame katika udongo uliolowa, kisha tukaliegemeza gari juu ya stendi za chuma.

Kabla ya kulifungua gurudumu, Baba aliniamuru nilishike juu na chini, nilitikise. Halikusogea. Akaniambia nilishike kulia na kushoto. Lilicheza mikononi mwangu kama jino bovu.

"Umeona?" aliniuliza. "Ugonjwa uko kwenye tairodi endi."

Kiungo hicho hufanana na nyonga ya mwanadamu: ni tufe dogo la chuma linalozunguka ndani ya kikombe, limepakwa grisi na kufunikwa kwa mpira. Mpira ukipasuka, matope huingia, grisi ikatoka, chuma kikasagana na chuma. Tufe likichomoka kikombeni gari likiwa mwendoni, gurudumu halimtii dereva tena.

Baba alishughulikia upande wa kulia huku nikitazama. Aliichomoa pini, akalegeza nati, akaligonga kwa nyundo sikio la chuma lililokishika kiungo, wala si kiungo chenyewe, hadi kikaachia. Alipokuwa akikizungusha kukitoa, alihesabu mizunguko kwa sauti: 17. Kipya nacho alikirudisha kwa mizunguko 17, ili gurudumu lisielekee kando hadi litakapopimwa mjini. Mwishowe akaikaza nati, akapenyeza pini mpya katika tundu, akaikunja miguu yake miwili. Pini hiyo ndiyo huizuia nati isijifungue kwa mtikisiko wa barabara.

"Upande wa kushoto ni wako," akasema.

Msomaji mpendwa, hapo ndipo usomi wangu ulipopanda jukwaani. Huku nikifungua na kukaza, nilianza kumhutubia Baba kuhusu asili ya maneno. Nilimweleza kwamba usukani ulitokana na Kiarabu, na kwamba ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari. Gari lenyewe tulilipata kutoka Kihindi. Parafujo ililetwa na Wareno. Spana na jeki ni za Waingereza. Nyundo ni yetu Wabantu tangu jadi. Kisanduku chake cha zana, nilimwambia kwa madaha, kilikuwa historia nzima ya Kiswahili.

"Ni kweli hayo?" Baba aliuliza, akitabasamu. Kisha, mvua ilipoanza kudondoka, "Umetia pini?"

"Nimetia, Baba."

Sikusema uongo kwa kukusudia. Niliamini kwamba nimetia, kwa sababu nilikumbuka kuishika. Tulirudisha gurudumu, tukashusha jeki, tukakimbilia chai.

Usiku, nilipokuwa nikilivua ovaroli, kitu kilinichoma kidole. Ilikuwa pini. Ilikuwa mpya na imenyooka, miguu yake haijakunjwa.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia papo hapo kumwamsha Baba. Sivyo ilivyokuwa. Nilikaa kitandani nikitunga hoja. Nati niliikaza sana. Haiwezi kufunguka kwa siku moja. Nitaitia kesho jioni kimyakimya. Mwanafunzi wa chuo kikuu angeamkaje kukiri kwamba kazi ya dakika moja ilimshinda? Nikawaza abiria wa safari ya kwanza: akina mama wapelekao sukuma wiki sokoni, na jirani yetu aliyekwenda kliniki kila Jumatatu. Kila hoja niliyoitunga ilikaa vizuri kisarufi, lakini hakuna hata moja iliyoweza kushika nati.

Saa kumi alfajiri nilisikia mlango wa Baba. Nilitoka na pini mkononi.

"Baba, hii haikuingia."

Aliitazama pini, akanitazama mimi. Nilisubiri ngurumo. Badala yake alichukua kurunzi na jeki, akanipa koleo.

"Itie. Kisha unionyeshe."

Nilipofungua gurudumu na kuipapasa nati, tundu na ufa havikulingana. Baba alinikataza kuilegeza. Alitaka niikaze mbele kidogo hadi vilingane. Nikapenyeza pini, nikaikunja miguu. Akaivuta kwa vidole vyake mwenyewe, akaguna kwa kuridhika.

Safari ya kwanza ilichelewa kwa karibu saa nzima. Abiria walinung'unika kituoni, na mmoja akauliza kwa ukali ni nani aliyewachelewesha. Nilifungua kinywa, lakini Baba alinitangulia: "Ni mimi. Gari lilikuwa halijakamilika."

Tangu siku hiyo sijaacha kupenda asili ya maneno, wala sioni sababu ya kuacha. Lakini wanafunzi wenzangu, "nimetia" ni neno lenye mofimu nne ambazo ningeweza kuzichanganua hata usingizini, na siku ile lilinitoka likiwa limekamilika kimuundo na tupu kimaana. Pini ile ya zamani, iliyoliwa na kutu, niliiomba kwa Baba. Iko mezani pangu, kando ya kamusi. Kila nikitaka kuandika kwamba jambo fulani nimelihakikisha, huitazama kwanza.