Nilivyohesabu Hewa Badala ya Udongo

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Kiriba, mkoani Mara. Nilikuta lambo la kunyweshea ng'ombe limejaa tope, na wanakijiji wamekubaliana kulifukua. Wachimbaji wangelipwa kwa kila meta ya ujazo, ipimwayo mle shimoni. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne, wazee walinichagua niwe karani.

Niliiona kazi kuwa rahisi. Niliketi juu ya tuta na daftari langu, nikatia alama kwa kila toroli iliyopita. Toroli 15 zilijaza meta moja ya ujazo. Siku ya sita zilitimia 1,500, nami nikatangaza meta 100. Watu walishangilia. Baba mdogo, aliyekuwa mmoja wa wachimbaji, alinipiga begani akasema, "Sasa tumeona faida ya shule!"

Kesho yake alikuja mpimaji. Kabla ya kazi kuanza alikuwa amepigilia vigingi na kuandika kina cha lambo. Alipima tena: urefu meta 20, upana meta 10, na sakafu imeshuka sentimeta 40. "Haya kijana, piga hesabu," akaniambia. Nikapata meta 80.

Nilidhani amekosea. Akacheka, akanieleza kwamba udongo ulio ardhini umeshikana. Ukichimbwa hupasuka na hewa huingia katikati, ukavimba. Meta zangu 20 zilikuwa hewa tupu! Akaongeza kuwa hata bandari ya Dar es Salaam ilipochimbwa ili gati zifikie kina cha meta 14.5, kina cha bahari hupimwa kabla na baada ya kazi, kwani mchanga uliomo melini umechanganyika na maji.

Kazi ngumu ilikuwa kuwaambia wachimbaji. Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nilisimama mbele yao nikakiri kosa langu. Baadhi walinung'unika, maana walikwisha panga matumizi ya fedha ile. Baba mdogo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Afadhali umesema mwenyewe, mwanangu. Ungenyamaza, tungeitwa wezi."

Wanafunzi wenzangu, urefu mara upana mara kina sote twaijua. Lakini kabla ya kuandika jibu tujiulize: tumepima shimo, au tumepima toroli? Nyuma ya kila tarakimu kuna jasho la mtu.