Jumamosi ya Kyambogo, Jumatatu ya Wamaza

Ukitoka katikati ya Kampala kwa barabara ya Jinja, unapanda basi dogo la abiria 14 ambalo wenyeji huliita takisi. Linasimama kila mahali kuokota watu, linapita maghala na karakana, mpaka kondakta anagonga bati na kuita: Banda! Hapo unashuka, unavuka barabara kwa tahadhari, unaanza kupanda kilima. Juu yake kimekaa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Kilizaliwa mwaka 2003 kwa kuunganishwa vyuo vitatu: cha ufundi, cha ualimu, na cha tatu ndicho kilichonivuta kutoka kusini mwa Maniema nchini Kongo, yaani taasisi ya taifa ya elimu maalumu. Leo taasisi hiyo ni kitivo kizima cha elimu maalumu na utengamao, na mtu anaweza kusoma humo mpaka shahada ya uzamili.

Kwetu Wamaza, upande wa Kasongo, sijapata kukutana na mtu aliyesomea ulemavu. Watu wenye ulemavu tunao kila njia. Yuko fundi wa redio sokoni, miguu yake ilikauka kwa polio akingali mtoto. Yuko mama asiyeona anayechambua mchele kwa vidole, na binti zake wenye macho hawamfikii kwa kasi. Wote tunawajua kwa majina, tunajua na wajukuu zao. Ila kwamba hali yao ni somo lenye vitabu, mitihani na mabishano yake, hilo nililikuta kilimani Kyambogo.

Chini ya mti kundi la wanafunzi viziwi lilikuwa likibishana kwa mikono. Mmoja akisema, wenzake wanamtazama uso na vidole kwa pamoja. Anayetaka kumkatiza anapunga mkono mbele ya macho yake au anamgusa bega. Nilisimama nikitazama muda mrefu kuliko inavyoruhusu adabu. Kiziwi wa kwetu ana ishara za nyumbani, zile alizobuni na mama yake na ndugu zake, na akifika kijiji cha pili hana tena wa kuzungumza naye. Hawa walikuwa wametoka pande nne za nchi, na bado walielewana mpaka kwenye utani. Katiba ya Uganda ya 1995 imeitaja lugha ya alama miongoni mwa mambo ambayo taifa linapaswa kuyaendeleza. Katiba ni maandishi, najua, lakini pale chini ya mti maandishi yalikuwa yametoka kwenye karatasi.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu wa kike kutoka Arua, ambako Kiswahili kinasikika zaidi kuliko Kampala. Mjini nilikuwa nimeshajifunza kumwita kila mwanamume ssebo na kila mwanamke nnyabo kabla ya kuuliza njia, maana bila salamu hiyo mtu anakujibu kwa kifupi. Yeye alinipokea kwa Kiswahili safi, akanipeleka kwenye darasa la Jumamosi la shahada hiyo ya uzamili.

Nilitegemea kukuta vijana. Nikakuta watu wazima wenye mikoba ya kazini: walimu wa shule za msingi, muuguzi, afisa wa maendeleo ya jamii wa wilaya. Walikuwa wametoka kazini Ijumaa jioni, na Jumatatu asubuhi walikuwa wanarudi kazini. Mhadhiri alikuwa na namna yake ya kusimama. Hakuongea akiwa ameelekea ubaoni, kwa sababu mmoja wa wanafunzi alikuwa akimsoma midomo. Na kila alichoandika alikitamka, kwa sababu mwingine hakuona ubao. Pembeni yake mkalimani wa lugha ya alama alikuwa akigeuza sentensi zake kuwa vidole. Hakuna aliyelitaja jambo hilo wala kulishukuru. Ilikuwa ni desturi ya chumba, kama sisi tunavyovua viatu mlangoni pa msikiti.

Niliketi karibu na yule mwanafunzi asiyeona. Alikuwa na kibao cha chuma chenye vidirisha vidogo vilivyopangwa mistari mistari, na kati ya bamba zake mbili amebana karatasi nzito. Kwa msumari mfupi wenye mpini wa mviringo alitoboa nukta nundu moja baada ya nyingine, tik tik tik, akitoka kulia kwenda kushoto. Nilidhani anaandika kama Kiarabu cha madrasa zetu za Kasongo. Kisha akafungua kibao, akageuza karatasi, na nukta zilizozama upande ule zikawa zimevimba upande huu, sasa zikisomeka kutoka kushoto kwenda kulia. Kumbe muda wote alikuwa akiandika kila herufi kinyume. Alinishika kidole cha shahada akakipitisha juu ya mstari. Mimi nilihisi ukwaruzo tu. Yeye alisoma jina la somo, tarehe, na swali la kwanza la mhadhara.

Somo la siku ile lilikuwa chimbuko la taaluma yenyewe ya ulemavu, na hapo nilisikia jina ambalo ningependa kila mwalimu wa Maniema alisikie: Vic Finkelstein. Alikuwa kijana wa Afrika Kusini aliyeumia uti wa mgongo akiruka kwa upondo michezoni, akawa anatumia kiti cha magurudumu. Alipinga ubaguzi wa rangi, akafungwa, akapigwa marufuku, na mwaka 1968 akahamia Uingereza. Huko akaungana na wenzake katika chama kidogo kilichotoa waraka mwaka 1976, wakasema jambo ambalo mpaka leo ndilo linalobishaniwa darasani: kwamba kasoro ya mwili ni kitu kimoja, na kinachomlemaza mtu ni kingine, nacho ni jinsi jamii ilivyojipanga bila kumfikiria.

Mwaka 1975 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzisha kozi ya ulemavu kwa watu waliobaki majumbani na makazini mwao, wakisoma kwa vitabu vya posta na vipindi vya redio na televisheni. Finkelstein akawa mmoja wa wakufunzi wake, baadaye akaiongoza. Nilipoelewa hilo nilitazama upya mikoba ile ya kazini. Taaluma hii tangu asili yake ilikuwa ya watu wasioacha kazi. Mwalimu anaisoma Jumamosi, na Jumatatu anamtazama mtoto aliye mbele yake kwa macho mengine. Jumamosi inayofuata anarudi na swali ambalo hakulikuta kitabuni. Mtu aliyekaa bwenini miaka miwili mfululizo, mbali na mtoto huyo, hawezi kuuliza swali lile.

Sasa pima na kwetu. Mwalimu wa Wamaza anayetaka shahada ya juu anatazama Kindu au Bukavu. Kutoka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilometa 200 za barabara ambayo mvua huikata, na anayesafiri kwa pikipiki hulipa kwa pesa na kwa mgongo pia. Masomo yanamtaka awepo. Akienda, nafasi yake shuleni inapewa mwingine, na kama ni mmoja wa wale walimu wengi ambao serikali bado haijaanza kuwalipa, hata hiyo nafasi ilikuwa ikilipwa na wazazi tu. Akimaliza, mji umeshamzoea. Harudi. Ninawafahamu wenye vichwa bora kabisa vya kizazi changu waliokwenda hivyo, na siwalaumu. Wale wanaobaki na watoto ndio wasiosoma zaidi, na wanaosoma zaidi ndio walioacha watoto. Nikiwa nimeketi nyuma ya darasa lile, jambo hili liliniuma kuliko umaskini wa majengo yetu.

Jioni yule mwalimu wa Arua aliniazima kitabu, Disability and Culture, kilichotoka mwaka 1995 chini ya uhariri wa Benedicte Ingstad na Susan Reynolds Whyte. Ndani yake nikakuta sura ya Patrick Devlieger kuhusu Wasonge. Wasonge! Majirani zetu wa magharibi na kusini, watu tunaooana nao. Devlieger aliishi nao, akaona kwamba mtoto akizaliwa na mguu uliopinda, wazee hawaulizi kwanza jinsi ya kuunyoosha. Wanauliza ni uhusiano gani ulioharibika: mahari iligawanywa sawasawa? kuna ugomvi kati ya ndugu? wahenga wameudhika? Nilisoma nikisikia sauti za barazani kwetu. Mambo ambayo nimeyasikia tangu utoto yalikuwa yamechapishwa, yanafundishwa kwa watu wa nchi nyingine, na sisi wenyewe hatujayaona. Ndivyo ilivyokuwa na Kasongo pia katika miaka ya 1970, wataalamu wa Antwerp, Ubelgiji, walipofuatilia chanjo ya surua kwa watoto wetu na matokeo yakachapwa mwaka 1981 katika jarida la Lancet, yakajadiliwa na waganga wa dunia nzima. Sina kinyongo na wageni hao. Walifanya kazi kubwa. Natamani tu ukurasa wa pili uandikwe na mtu anayelala Wamaza.

Kampala nayo si pepo. Mitaro ya kando ya barabara haina vifuniko, na sikuona takisi iliyosimama kwa hiari kumpakia mtu mwenye kiti cha magurudumu. Ila Uganda imekuwa na Alex Ndeezi, kiziwi aliyeingia bungeni mwaka 1996, na bunge la nchi hiyo limetenga viti vitano kwa wawakilishi wa watu wenye ulemavu. Serikali ilipoanza mwaka 1997 kuwalipia karo watoto wanne wa kila familia, agizo lilikuwa kwamba mwenye ulemavu ahesabiwe kwanza katika hao wanne. Sensa ya 2014 iliwauliza watu kuhusu ulemavu, na ikaukuta kwa asilimia 12.4 ya wenye umri wa miaka miwili na zaidi. Sisi sensa yetu ya mwisho ni ya 1984. Kongo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, mwaka 2019 ikamteua Irène Esambo kuwa waziri wa watu hao, na tarehe 3 Mei 2022 ikatangaza sheria yao. Sheria ni nzuri. Mwalimu wa kijijini aliyeisoma bado namtafuta.

Niliwauliza wanafunzi wale kama mtu wa kwetu angeweza kujiunga nao. Walinijibu kwa upole na kwa kinaganaga: cheti cha Kifaransa kitafsiriwe, baraza la elimu ya juu la Uganda lithibitishe ulinganifu wake, kisha Kiingereza cha kuandikia tasnifu. Afisa wa maendeleo akasema njia fupi ni kozi yenyewe itufuate. Mwenyeji wangu wa Arua, naye mwanafunzi pale, alikuwa amefika hatua ya utafiti. Alihoji wazazi wa wilaya yake akiwa bado kazini, na Kyambogo alikuja kumwona msimamizi tu. Shule zetu hufunga mwezi wa saba na kufunguliwa wa tisa. Wahadhiri wa Kindu wangeweza kukaa Kasongo majuma hayo, wakafundisha kwa Kifaransa na kujadiliana na wanafunzi kwa Kiswahili, na mwaka uliobaki kila mwanafunzi akatafiti pale anapofundisha.

Kazi ya kwanza ya utafiti huo ninaijua. Mwezi wa Juni 2017 ulitangazwa mlipuko wa polio katika Maniema na Haut-Lomami, ule unaotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika vikienea mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa. Walioachwa na mguu dhaifu wakati ule wamefikia umri wa shule, na tangu Septemba 2019 shule ya msingi kwetu ni bure. Je, wamo darasani? Walioingia, wanafikaje wakati wa mvua, na waliobaki nyumbani wamezuiwa na mto, na mwalimu, au na lile swali la wazee kuhusu mahari? Hilo halijibiwi na mgeni wa majuma mawili mwenye gari. Linamtaka mtu mwenye baiskeli, anayejua nyumba na kuaminiwa barazani, ambaye Jumatatu atasimama mbele ya watoto walewale aliowahesabu. Yule fundi wa redio alisoma mpaka darasa la nne, lakini mwanawe wa kike ana shahada ya kwanza na anafundisha. Nimemwandikia kuhusu Kyambogo, na amejibu akiuliza kozi hiyo ya Kasongo itaanza lini na nani apelekewe barua.