Tanki Lijae, au Liende Tupu?

Siku tatu na karavani kutoka Las Vegas hadi Death Valley, na swali moja lililowanunisha wanandoa kabla hata gari halijawashwa.

Mpenzi msomaji, ukisikia Las Vegas akili inakimbilia kwenye taa, kamari na harusi za fasta. Sawa, vyote vipo. Lakini endesha gari kama saa mbili kuelekea magharibi, unajikuta kwenye dunia nyingine kabisa: Death Valley, yaani Bonde la Mauti, kule California inakopakana na Nevada. Pale Badwater ardhi iko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Na pale Furnace Creek, tarehe 10 Julai 1913, kipimajoto kilisoma nyuzi 56.7 za Selsiasi, rekodi ambayo Shirika la Hali ya Hewa Duniani bado linaitambua.

Usitishike na jina. Kuanzia Novemba hadi Machi hali ni murua: mchana unavaa fulana, usiku unavuta blanketi na mwenzio. Huo ndio msimu wa karavani, yale matela yenye kitanda, jiko, bafu na choo, yanayovutwa nyuma ya pikapu. Ni nyumba unayohama nayo, na kwa wapendanao ni starehe ya aina yake.

Tulikuwa wanne: mimi na mume wangu, pamoja na shoga yangu wa tangu sekondari na mumewe, wanaoishi Las Vegas na wenye karavani yao. Mpango ulikuwa usiku wa kwanza tulale jangwani karibu na Big Dune, kilima kikubwa cha mchanga kwenye ardhi ya serikali, ambako unaruhusiwa kuegesha na kulala lakini hakuna bomba la maji. Usiku wa pili, kwenye kambi ya Furnace Creek. Kila kitu kilikuwa tayari, kasoro tanki la maji.

"Maji ni mzigo, mke wangu"

Shemeji alikuwa ameshika mpira wa maji mkononi, ila hafungui bomba. "Mke wangu, tanki hili likijaa ni lita 190. Lita moja kilo moja. Kweli nivute kilo 190 kupandisha mlima, kisa kuoga?"

Shoga yangu hakukubali. "Na wewe unataka nikae na wageni jangwani choo hakifanyi kazi, vyombo vimelundikana? Basi uwaambie wakaoge mchanga."

Kisha likaja lile ambalo kila mgeni analiogopa: "Shemeji, hebu sema wewe." Mume wangu akaanza kutafuta miwani yake, wakati ameivaa.

Sisi tuliokua tukibeba maji tunaielewa hesabu hii bila kalkuleta. Lita 190 ni madumu tisa na nusu ya lita 20. Ni kama kuwapakia watu wazima wawili na nusu. Kwenye barabara tambarare, kinacholemea zaidi karavani ni upepo linaopambana nao, lakini ukianza kupanda mlima uzito ndio unaokula mafuta na kuchemsha injini. Ukiteremka, uzito huohuo unasukuma nyuma na breki zinafanya kazi ya ziada.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni mahali tanki lilipokaa. Kwa karavani za Marekani, kanuni inayofuatwa ni kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote ilalie pale tela linaposhikana na pikapu. Kwa karavani ya kilo 2,400, hiyo ni kilo 240 hadi 360. Tanki likiwa mbele ya matairi, maji yanaongeza uzito huo, na pikapu ndogo inaweza kukaa mkia chini. Tanki likiwa nyuma ya matairi, maji yananyanyua pua ya tela, na tela lenye pua nyepesi huanza kupiga mkia barabarani. Hapo ndipo watu wanapinduka.

Kwa hiyo shemeji hakuwa bahili, alikuwa anaogopa mlima. Na shoga yangu hakuwa mdekaji, alikuwa anaogopa kuaibika mbele ya wageni. Wote wawili walikuwa na haki, ila kila mmoja alikuwa akijibu swali la peke yake.

Bomba la mwisho liko wapi?

Shoga yangu ndiye aliyefungua ramani. Badala ya kuendelea kubishana tujaze au tusijaze, akauliza swali jingine: kutoka hapa hadi tutakapolala, bomba la mwisho liko wapi?

Jibu lilikuwa Pahrump. Barabara namba 160 inatoka Las Vegas, iliyo kwenye mita 600 hivi, inapanda hadi karibu mita 1,680 pale Mountain Springs, kisha inashuka hadi mji mdogo wa Pahrump. Huko kuna maduka, vituo vya mafuta na viwanja vya karavani ambako unaweza kujaza maji. Mlima wenyewe uko kabla ya bomba. Baada ya hapo hadi Big Dune hakuna mpando kama ule.

Basi tukaondoka na kama lita 20 tu za choo cha njiani. Maji ya kunywa tuliyaweka kwenye pikapu, mbali kabisa na hesabu ya tanki, kwa sababu hayo hayana mjadala. Uongozi wa mbuga unashauri angalau lita 4 kwa mtu kwa siku, na gari likikuharibikia hutaki kusubiri pampu. Mlima tukaupanda bila presha. Pahrump tukajaza hadi tanki likafurika, na jioni tukawa Big Dune tunatazama nyota kibao, vyombo vimeoshwa na kila mtu ameoga. Kuoga kwenyewe kijeshi: jilowanishe, funga bomba, jisugue, fungua, jisuuze. Bomba la mvua la nyumbani Marekani linaruhusiwa kutoa hadi lita 9.5 kwa dakika. Ukijisahau dakika kumi, nusu ya tanki imekwenda.

Maji hayapotei

Asubuhi mume wangu akasema kwa furaha, "Sasa si tumekuwa wepesi?" Kumbe wapi! Maji uliyooga hayaishii hewani. Yanahamia kwenye tanki la maji machafu, na ya choo yanaenda kwenye tanki lake. Uzito ni uleule, umebadilisha chumba tu. Na kama tanki la maji machafu liko nyuma, ule uwiano uliopima jana umebadilika. Kuyamwaga jangwani si ustaarabu, unayabeba hadi penye shimo maalumu.

Kabla ya kuingia bondeni tulisimama Death Valley Junction, ambako kuna jumba la maonyesho la Amargosa. Mwaka 1967 mcheza dansi wa New York, Marta Becket, alikuwa akipiga kambi eneo hili na mumewe, tairi la tela lao likapata pancha. Wakaja hapa kulitengeneza. Akaona jumba lililotelekezwa, akalipenda, akabaki. Watazamaji walipokuwa hawaji, aliwachora ukutani na kuwachezea hao. Alicheza hadi mwaka 2012, akafariki mwaka 2017.

Kutoka hapo barabara namba 190 inakushusha, katika kilomita 48 hivi, kutoka zaidi ya mita 600 hadi chini ya usawa wa bahari. Shemeji aliweka gia ndogo, akaiacha injini ishike gari badala ya kukanyaga breki muda wote. Furnace Creek tukamwaga maji machafu, na hatukujaza tanki zima, kwa sababu bomba liko palepale kambini. Chemchemi za hapa ndizo zilizowaweka hai Watimbisha Shoshone kwa karne nyingi, na mwaka 2000 sheria ya Marekani iliwarudishia sehemu ya ardhi yao ndani ya mbuga.

Kabla hujafungua bomba

• Soma kibandiko cha njano karibu na mlango wa karavani. Kinaeleza mzigo wa mwisho unaoruhusiwa na uzito wa tanki likijaa. Kama maji, chakula na nguo vinapita kiwango, jibu umeshapata.

• Pima kwenye mzani wa malori, mara moja tupu na mara moja umejaza. Usikisie.

• Jua tanki liko mbele au nyuma ya matairi, na tela linatuliaje kila hali.

• Unapolala pana bomba? Beba kidogo tu. Hakuna? Jaza kwenye bomba la mwisho, ikiwezekana baada ya mlima.

• Nusu tanki maji hucheza ukifunga breki. Si hatari kubwa kama kuzidisha mzigo, lakini dereva ataisikia.

• Mwulize mwenzio anahofia nini kabla hujamwambia anachokosea. Anayeendesha anaujua mlima, anayepika anajua vyombo. Safari inawahitaji wote wawili.

Safari njema!