Mlima usio na watu

Wiki iliyopita tulirushiana picha moja kwenye simu. Milima mirefu yenye theluji, mwanga unapenya mawingu, ziwa limetulia kama kioo, paa wamesimama majini. Wengi tukaandika: "Nipelekeni huko!"

Tukatafuta ni wapi. Kumbe hakuna mahali kama hapo! Ni mchoro wa Albert Bierstadt, "Among the Sierra Nevada, California", wa mwaka 1868. Jamaa aliuchorea Roma, mbali kabisa na Marekani. Milima ya Sierra Nevada ipo kweli, lakini mandhari hii aliiunga mwenyewe, kipande hapa kipande pale, akaikuza. Kisha ikaonyeshwa London na Berlin, kwa watu ambao wengi wao hawajawahi kufika California.

Tulimcheka: mwongo huyu! Halafu tukajitazama.

Sisi tuliotoka Uvira na Fizi, kila jioni hapa Nyarugusu tunawachorea wadogo zetu mlima kwa mdomo. Maji yake baridi, maembe hayaishi, ng'ombe wamenona. Mmoja analeta kilima cha babu yake, mwingine anaongeza Ziwa Tanganyika. Na baadhi yetu tuliondoka na miaka minne, tunachokumbuka ni mgongo wa mama tu. Juzi mtoto mmoja aliyezaliwa kambini akauliza: "Kama kulikuwa kuzuri hivyo, mbona mliondoka?" Hakuna aliyemjibu.

Tukaurudia mchoro. Hauna mtu hata mmoja. Hauna nyumba, hauna moshi. Lakini milima ile ilikuwa na wenyewe, Wamiwok na Wapaiute. Mwaka 1851 kikosi chenye silaha kiliingia bonde la Yosemite, katika milima hiyohiyo, kikawafukuza wenyeji. Miaka 17 baadaye, mtu wa Berlin anatazama picha, anaona ardhi ya bure.

Hapo kicheko kiliisha. Tunajua ardhi ikisemwa haina mtu, nini kinafuata.

Kwa hiyo tumekubaliana. Kuupamba mlima si dhambi, hamu ya nyumbani ndivyo ilivyo. Ila tuweke watu ndani: nani alilima kando ya mto, nani waligombania mpaka wa shamba, nani alikimbia usiku ule na nani hakuwahi kufika. Tusiyoyajua tuwaulize wazee wangali hai.

Jumapili tunakaa nao chini ya mwembe. Njoo na daftari. Na yule mtoto tumemwalika, swali lake ndilo la kwanza.